Kiko cha tamthilia ya kale: udongo, briari, kibuyu au gunzi?

Fundi wa vifaa vya jukwaani huletewa simu yenye picha iliyosimamishwa: mzee kaketi kwenye kiti cha ngozi, kiko kimening'inia mdomoni, moshi unapanda taratibu. Ombi ni moja: "Nataka kama hiki." Lakini "kama hiki" ina maana nyingi. Kipo kiko kinachofanana na hicho kwa mtu aliyeketi safu ya kumi katika Jumba la Taifa la Maonyesho pale Kampala. Kipo kinachofanana nacho mbele ya kamera iliyosogezwa hadi usoni. Na kipo kile ambacho mjuzi wa viko akikigeuza mkononi hatakuta kosa. Kazi hizo tatu hazidai kiko kimoja, wala muda mmoja, wala gharama moja.

Hapa tunalinganisha vinne vinavyoonekana zaidi katika tamthilia za zamani: kiko cha udongo mweupe, kiko cha briari (mzizi mgumu wa kahawia), kiko cha kibuyu kilichopinda, na kiko cha gunzi la mahindi. Emmindi ya kwetu Uganda, yaani kiko chenye bakuli dogo la udongo na shina refu, nayo ina mahali pake, maana kuna hadithi ambazo hakuna kiko kingine kinachozifaa. Tunapima kwa mambo mawili: kwanza mwaka wa hadithi, kisha umbali wa mtazamaji. Uzuri ni wa tatu. Wengi huanzia kwenye uzuri, na ndiyo maana ofisa wa mwaka 1780 huonekana akivuta kiko ambacho babu yake na mwanawe wote wangekufa kabla hakijatengenezwa.

Kukisoma kiko kwenye picha

Simamisha picha pale kiko kinapoonekana kwa ubavu, kikiwa mkononi karibu na uso. Kikiwa mdomoni kimeelekea kamera, kiko huwa karibu na lenzi kuliko uso, hivyo huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Kosa hili ndilo linalozaa viko vya jukwaani vyenye bakuli la kutosha uji.

Kwa vipimo, tumia jicho la mwigizaji. Lile duara la rangi linalozunguka mboni lina upana wa karibu milimita 12 kwa watu wazima wote, tofauti ni ndogo sana. Tuseme kwenye picha duara hilo lina pikseli 18, na bakuli la kiko lina urefu wa pikseli 70. Gawa 70 kwa 18, zidisha kwa 12: unapata karibu milimita 47. Jicho lisipoonekana, tumia upana wa kiganja kwenye vifundo vya vidole, ambao kwa mwanamume wa kawaida ni sentimita 8 hadi 9. Pima katika picha mbili au tatu na uchukue wastani. Picha moja hudanganya.

Kisha tazama maungio. Kiko kina bakuli linalotiwa tumbaku, shingo inayotoka kwenye bakuli, na mdomo unaoshikwa kwa meno. Mahali shingo inapokutana na mdomo ndipo penye habari nyingi kuliko pote. Usipoona mstari wowote na kiko chote ni cheupe, huo ni udongo. Mdomo mweusi uliochomekwa kwenye mti wa kahawia ni briari. Ukingo mpana mweupe uliokaa kama uyoga juu ya mwili wa manjano uliopinda ni kibuyu. Bakuli lenye vitundu vidogo vya mahali punje zilipokuwa halihitaji maelezo. Ukiona pete ya fedha kwenye maungio, ipime upana wake pia, kwa sababu pete iliyokosewa kwa milimita mbili huonekana haraka kuliko bakuli lililokosewa kwa tano.

Mwaka unaondoa nusu ya machaguo

Viko vya udongo vilienea Uingereza mwishoni mwa karne ya 16. Tumbaku ilikuwa ghali, hivyo bakuli la wakati huo ni dogo mno, ncha ya kidole cha mwisho tu ndiyo inaingia, lina tumbo kama pipa na limeinama mbele. Kadiri tumbaku ilivyoshuka bei, bakuli lilikua, na kufikia karne ya 18 mdomo wa bakuli ulikuwa umelala sambamba na shina. Tundu la moshi nalo lilipungua: mwaka 1954 mtaalamu wa mambo ya kale J. C. Harrington alionyesha kwamba matundu ya mashina ya Kiingereza yalitoka kwenye karibu milimita 3.6 mwanzoni mwa karne ya 17 hadi karibu 1.6 katika nusu ya pili ya karne ya 18. Mtazamaji haoni tundu, ila anaona unene wa shina na ukubwa wa bakuli, na hivyo viwili vikipingana kiko hakikai sawa machoni hata kwa asiyejua sababu.

Briari ni fundo la mizizi la kichaka cha Mediterania, Erica arborea. Mji wa Saint-Claude nchini Ufaransa ulianza kukitengenezea viko katika miaka ya 1850. Mdomo mweusi wa ebonaiti, yaani mpira uliopikwa na salfa hadi ukawa mgumu, haungeweza kuwapo kabla ya uvumbuzi wa kupika mpira kwa salfa katika miaka ya 1840, na ulichukua muda zaidi kuenea. Kabla yake midomo ilikuwa ya pembe, mfupa au kaharabu. Kwa hiyo kiko cha kahawia chenye mdomo mweusi katika hadithi ya mwaka 1800 ni kosa, hata kingekuwa kizuri namna gani.

Kibuyu kinatoka Afrika Kusini na kilipata umaarufu Uingereza wakati wa Vita vya Makaburu, 1899 hadi 1902. Hapa kuna mtego mkubwa. Watu wakimfikiria Sherlock Holmes humwona na kibuyu, lakini hadithi za Conan Doyle zenyewe humpa udongo mweusi, briari na mti wa cheri. Kibuyu kiliingizwa na wachoraji na waigizaji waliokuja baadaye. Ukitengeneza mpelelezi wa mwaka 1890, udongo au briari ndiyo sahihi. Ukitaka watazamaji wamtambue papo hapo, kibuyu kinafanya kazi hiyo ingawa si kweli. Amua wazi unataka kipi kabla ya kushika msumeno.

Gunzi la viwandani lilianza mwaka 1869 katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani.

Kwa hadithi za kwetu hesabu ni rahisi. Msafiri wa kizungu anayefika kwa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1862, alipofika Speke, mpe udongo. Ofisa wa utawala wa Waingereza kati ya 1894 na 1962 mpe briari. Mzee wa kijijini mpe emmindi. Na mchezo wa Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi yetu, usiwe na tumbaku kabisa: mmea huo ulitoka Amerika, na enzi zao zilitangulia kufika kwake huku.

| Kiko | Kinafaa hadithi za kuanzia | Malighafi Uganda | Karibu na kamera | Udhaifu |
|---|---|---|---|---|
| Udongo | 1600 | Inapatikana | Kizuri sana | Huvunjika |
| Briari | 1860 | Mbadala tu | Hutegemea rangi na mdomo | Maungio hulegea |
| Kibuyu | 1900 | Tele | Kizuri sana | Ukingo hubanduka |
| Gunzi | 1870 | Tele | Cha wastani | Hunyauka na kulegea |
| Emmindi | Karne ya 19 kwetu | Tele | Kizuri | Bakuli huanguka |

Udongo

Hiki ndicho kinachodharauliwa, na ndicho kigumu kuliko vyote vinne. Mwonekano wake ni rahisi hata mtu hudhani mfinyanzi yeyote atakitoa kwa alasiri moja.

Kwanza udongo wenyewe. Ule wa Kajjansi unaotengenezewa matofali na vigae una chuma kingi, ukiungua unakuwa mwekundu. Kwa kiko cheupe unahitaji kaolini, udongo unaobaki mweupe. Iko ya Mutaka, magharibi, ila peke yake hainyumbuki vya kutosha, inakatika ukiiviringisha kuwa shina jembamba. Changanya nusu kwa nusu na udongo mweupe unaonata wa Ntawo, Mukono, chuja mchanganyiko, uuache ukae siku kadhaa ukiwa umefunikwa. Gramu 80 zinatosha kiko kimoja cha sentimita 25 pamoja na mabaki ya kukatwa.

Viringisha shina liwe na unene wa milimita 8 upande wa mdomo na 11 karibu na bakuli, ukiacha bonge mwishoni. Kutoboa, tumia spoki ya baiskeli: ina unene wa milimita 2, imenyooka, na urefu wake wa karibu sentimita 30 unatosha. Ipake mafuta ya kupikia, isukume polepole huku vidole vya mkono mwingine vikiihisi ndani ya udongo ili isitokeze pembeni. Isimamishe kabla ya bakuli. Sasa weka udongo kwenye kalibu ya plasta yenye nusu mbili, bana, sukuma kizibo cha mti chenye ncha ya mviringo kutengeneza tundu la bakuli, kisha malizia kuisukuma spoki hadi iguse tundu hilo. Ukifanya kinyume, yaani kutoboa hadi mwisho ndipo ubonyeze bakuli, udongo utaziba njia ya moshi na hutajua mpaka kiko kimeshaungua.

Spoki itolewe udongo ukiwa mgumu kama jibini, si kabla wala baada. Ukiwahi, shina linajikunja. Ukichelewa, udongo unasinyaa juu ya chuma na kupasuka kwa urefu. Kausha kwa siku 5 hadi 7 ndani ya mfereji wa mbao wenye umbo la V, maana shina lililolazwa juu ya meza bapa hukauka upande mmoja na kupinda kama ndizi. Kupungua kwa jumla, kukauka na kuungua, ni kama asilimia 12: ukitaka sentimita 15, kalibu iwe na 17. Tanuri lipande pole, nyuzi 100 kwa saa hadi upite 200, kwa sababu maji yaliyobaki yakigeuka mvuke haraka bakuli linapasuka. Malizia kwenye nyuzi 950 hadi 1000 za Selsiasi.

Udongo ulioungua kwa joto hilo hunyonya unyevu na kung'ang'ania ngozi ya midomo. Mafundi wa zamani walipaka ncha nta au kuitia rangi ya kung'aa. Chovya sentimita 3 za mwisho kwenye nta ya nyuki iliyoyeyuka, mwigizaji atakushukuru.

Kwa jukwaa, ambako kiko hudondoshwa kila wiki, kuna njia nyingine: mrija wa alumini wa milimita 6 uliovikwa tabaka la kujaza mbao, bakuli la udongo wa kawaida, vyote vikapakwa rangi nyeupe isiyong'aa iliyochanganywa na unga wa chokaa kidogo. Kwa mita tano haitofautiki. Rangi ya mafuta inayong'aa ndiyo inayofichua kiko bandia kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo usiiguse hata kama ndiyo iliyobaki dukani.

Briari, au tuseme mbadala wake

Kichaka cha briari huku hukua juu milimani tu, kama Rwenzori, hivyo usikitegemee. Una njia mbili: kuagiza kiko cha bei ya chini kutoka nje na kukibadilisha, au kuchonga mti wa hapa ufanane nacho. Kama kiko kitakaribiana na kamera kwa zaidi ya tukio moja, agiza. Chagua kisicho na nafasi ya chujio la milimita 9, kwa sababu shingo zake ni nene na mtindo huo ni wa karne ya 20 kusonga mbele. Kisha ondoa rangi ya kung'aa kwa msasa, badilisha mdomo, na nusu ya kazi imekwisha.

Ukichonga, mti bora kuliko yote tunayoijua hapa ni mkahawa, yaani mti wa kahawa. Wakulima wa robasta hukata miti mizee ili ichipue upya, na mashina yaliyokatwa mara nyingi huishia jikoni. Omba shina lenye kipenyo cha sentimita 12 kwenda juu ili upate kipande kisichopita kwenye kiini. Kiini kikiwa ndani, mti utapasuka kuanzia hapo, hiyo haina mjadala. Mkahawa una nyuzi laini zilizobanana, haumeguki ukingoni na hupokea rangi vizuri. Mpera unafuata. Musizi ni mwepesi na laini mno, ukucha tu unauachia alama. Mpingo ni mzuri kwa pete na vipande vidogo, ila kiko kizima cha mpingo ni kizito, kinavuta meno. Usitumie yuforbia wala oleanda kwa kitu chochote kinachoingia mdomoni, kwani zote zina sumu. Paka nta kwenye ncha mbili za kipande ili unyevu utoke kwa ubavu, kisha subiri miezi 4 hadi 6 kivulini. Asiyeweza kusubiri anunue kiko.

Kwa umbo lile la kawaida lililonyooka, bakuli liwe na urefu wa milimita 46, unene wa nje 35, na shingo iwe na urefu unaokaribia ule wa bakuli. Kiko kizima sentimita 14. Toboa kabla ya kuchonga. Hili ni muhimu kuliko vipimo vyote: kipande cha mraba kinabanwa vizuri kwenye jiliwa na kinatobolewa kwa unyoofu, cha mviringo hakishikiki. Chora mistari ya matundu kwenye pande mbili za kipande. Anza na njia ya moshi kwa biti ya milimita 4, kisha panua mwanzo wake kwa biti ya milimita 8 hadi kina cha milimita 20, hapo ndipo ulimi wa mdomo utakapoingia. Mwisho toboa bakuli kwa biti bapa ya milimita 19 uliyoinoa ncha iwe mviringo, kina cha milimita 38. Njia ya moshi itokee chini kabisa ya tundu. Ikitokea juu, majimaji yanabaki chini. Ikipita chini zaidi, umekitoboa kiko tumbo.

Ulimi usibane sana. Mkahawa ukivuta unyevu wa msimu wa mvua huvimba, na mdomo uliolazimishwa hupasua shingo. Sugua ulimi kwa nta ya mshumaa, uingie kwa kuzungusha.

Rangi ndiyo inayougeuza mkahawa kuwa briari. Pata rangi ya ngozi ya mafundi viatu, ile ya spiriti. Paka nyeusi kwanza, iache ikauke, kisha isugue kwa msasa namba 400 hadi nyeusi ibaki kwenye nyuzi za mti pekee. Ndipo upake ya kahawia yenye wekundu. Nyuzi zitajitokeza kama miali. Malizia kwa nta ya nyuki na kitambaa, usipake vanishi: kiko halisi kina mng'ao wa kiatu kilichopigwa brashi, vanishi ina mng'ao wa kioo, na taa za studio huonyesha tofauti hiyo bila huruma.

Kibuyu

Kama mwaka wa hadithi unaruhusu, hiki ndicho Uganda inachokitengeneza vizuri kuliko wengi. Mmea ni uleule, Lagenaria siceraria, ambao kwetu hutoa ndeku za kunywea pombe. Unachohitaji ni shingo iliyopinda. Inaweza kupatikana sokoni kwa bahati, kwenye vibuyu vilivyolala chini vikikua, au unaweza kuipinda mwenyewe: kibuyu kikiwa kichanga, kilaze juu ya ubao, uelekeze shingo kwa vijiti, ukivisogeza kidogo kila baada ya siku mbili au tatu. Ukivuta kwa nguvu siku moja, shingo inapasuka na kuoza. Vuna kikonyo kikiwa kimekauka, na ukaushe hadi mbegu zicheze ndani.

Kata sentimita 13 hadi 15 ukipima kwenye mgongo wa mpindo. Gonga kwa ukucha kabla ya kukata: sauti nzito ni ukuta mnene, na unataka milimita 4 hadi 6. Ukuta wa milimita 2 utapasuka siku utakapokaza kikombe. Kwangua utandu wote wa ndani, kwa sababu hubaki na harufu na huvutia ukungu.

Kikombe cha juu, kwa viko halisi, ni cha mirshamu, madini meupe mepesi yanayochimbwa Eskişehir, Uturuki. Hapa kifinyange kwa kaolini ileile ya kiko cha udongo, au kikerezwe kwa mti. Ukingo wake uwe na kipenyo cha karibu sentimita 6 na uzidi mdomo wa kibuyu kwa milimita kadhaa pande zote. Chini yake kuwe na pete ya koki, vipande vilivyokatwa kutoka kwenye vizibo vya chupa za mvinyo, ili kikombe kitoke na kurudi. Usikigundishe. Kibuyu na udongo havisinyai sawa, na gundi ikikauka kimoja kinamvuta mwenzake hadi kipasuke. Kikombe kipya kina weupe wa chumvi. Chovya kwenye chai ya rangi iliyokolea kisha nta, kitapata rangi ya asali ya kiko kilichotumika miaka.

Kuna sababu nyingine waigizaji hukipenda. Kwa kuwa mwili unaning'inia chini ya kidevu na ni mwepesi, kinatulia kwenye meno na mikono inabaki huru. Udongo wenye shina refu lazima ushikwe muda wote, ukiachiwa meno unainama mbele. Mwongozaji aulizwe mapema: mikono ya mhusika inafanya nini? Anayeandika barua hawezi kuwa na kiko cha udongo cha sentimita 40.

Gunzi na emmindi

Gunzi, likishakauka, ni kazi ya siku moja. Chagua gunzi kavu kabisa lenye kipenyo cha milimita 35 au zaidi, kata sentimita 5, toa ule moyo laini kwa biti ya milimita 18 na uache duara gumu la kati likiwa zima. Jaza vitundu vya nje kwa plasta, ukishakauka usugue. Shina ni mwanzi wa milimita 9, vifundo vyake vitobolewe kwa waya uliotiwa moto. Gunzi bichi husinyaa na shina kuanguka katikati ya maongezi, hivyo kausha kwa miezi. Kiko hiki kina nchi yake, Marekani. Kumpa mkulima wa Busoga wa mwaka 1920 ni kubahatisha.

Mkulima huyo alikuwa na emmindi: bakuli dogo la udongo na shina refu la mti au tete lililochomekwa. Udongo wa mfinyanzi wa kawaida unafaa, kwani hapa hatutaki weupe. Liungue kwa moto wa nyasi, na likiwa bado moto lifunike kwa majani mabichi na maganda. Moshi huingia kwenye udongo na kulifanya jeusi bila rangi yoyote. Shina liingie sentimita 2 ndani ya shingo ya bakuli na lifungwe kwa nta iliyochanganywa na majivu laini. Ukitazama viko vyote vya tamthilia zetu, hiki ndicho kinachokosekana zaidi, na inasikitisha, kwa kuwa ni rahisi na ni chetu.

Mdomo wa kiko

Pembe ya ng'ombe wa Ankole ni zawadi kwa kazi hii. Kwa hadithi za kabla ya miaka ya 1870 ni sahihi kihistoria, na kwa baadaye pembe nyeusi iliyosuguliwa hushindana na ebonaiti hata karibu na kamera. Mafundi wa pembe wapo kwenye kijiji cha sanaa nyuma ya Jumba la Taifa la Maonyesho. Omba ncha, sehemu isiyo na uwazi, sentimita 10.

Toboa kwa biti ndefu ya milimita 3 kuanzia upande wa ulimi, na kila sentimita moja itoe usafishe vumbi. Pembe ikipata joto huungua na kuikaba biti. Kisha ichonge kwa tupa: milimita 8 kwenye ulimi, ikipungua hadi unene wa milimita 4 kwenye meno, upana 15, na kingo ndogo ya kushikia meno. Kama mdomo unapinda, weka uzi mnene wa plastiki ndani ya tundu, chemsha kwa nusu saa au zaidi, pinda taratibu ukiwa umevaa glavu, shikilia hadi upoe, kisha vuta uzi. Bila uzi tundu linajibana. Vaa barakoa unaposugua. Vumbi la pembe linaumiza kifua.

Plastiki ngumu nyeusi ni ya haraka, lakini ina weusi mmoja mtupu. Ebonaiti ya zamani hubadilika kuwa na ukahawia wenye kijani kwa sababu salfa yake hujitokeza kwenye mwanga. Ukitaka sura hiyo, sugua plastiki kwa msasa namba 1000 isiwe na mng'ao, kisha paka tabaka jembamba mno la kahawia na ulifute karibu lote. Pembe za ndovu usiziguse kwa sababu yoyote.

Kukichakaza

Kiko kipya mkononi mwa mzee ni uongo. Unguza ukingo wa bakuli upande mmoja tu, ule ambao mtu wa mkono wa kulia hupitisha njiti, yaani mbele kidogo na kulia. Tia alama mbili za meno juu ya mdomo na moja chini. Ndani ya bakuli paka masizi yaliyochanganywa na asali, ukaushe. Kwa udongo, weusi wa moshi uanzie ukingoni na ufifie kabla ya nusu. Mashina ya udongo pia hubadilika manjano pale vidole vinaposhika.

Kipi ukichukue

Mchezo wa jukwaani wa karne ya 18, watazamaji wakiwa mbali: alumini iliyovikwa, viwili kwa kila mhusika. Filamu ya enzi hiyohiyo yenye picha za karibu: udongo halisi, na uunguze vinne kwa mhusika mmoja, kwa kuwa vitavunjika. Ofisa wa mkoloni kwenye filamu: agiza briari, ibadilishe mdomo. Ofisa huyohuyo jukwaani: mkahawa. Mpelelezi ambaye lazima atambuliwe na watoto wa shule: kibuyu. Kama huna muda wala fedha, na hadithi ni ya kijijini, emmindi itakupa kiko sahihi kwa gharama ya udongo na tete.

Moto

Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuvuta sehemu za umma, na ukumbi wa maonyesho ni mojawapo. Sheria hiyohiyo imepiga marufuku shisha na sigara za kielektroniki, hivyo ule ujanja wa waigizaji wa nchi nyingine wa kuficha kifaa cha mvuke ndani ya bakuli haupo kwetu. Kwa filamu, moshi uongezwe kwenye kompyuta wakati wa kuhariri. Kwa jukwaa, kiache kiko bila moshi: mvutaji wa kiko halisi hutumia muda mwingi akikijaza, akikishindilia kwa kidole gumba, akikigonga kwenye kisigino cha kiatu na kukiwasha tena. Mwigizaji akijifunza mikono hiyo, hakuna atakayeuliza moshi uko wapi. Ndani ya bakuli tia majani makavu ya chai yaliyoshikwa na tone la gundi, ili yasimwagike anapoinama.

Mwisho wa kila onyesho mdomo ufutwe kwa spiriti ya hospitali, uachwe ukauke, na utolewe kwenye shingo kabla ya kuhifadhi. Ukiulaza ukiwa umechomekwa wakati wa mvua, asubuhi utahitaji koleo kuutoa, na koleo huacha alama ambazo hazikuwa kwenye picha.